Mchungwa wa baba unanyauka tangu tupande ukoka chini yake. Hivi viwili haviwezi kulelewa pamoja?

#1 MchungwaWaBaba (Kigamboni), 18 Januari

Wakuu salaam. Nina mchungwa mmoja mbele ya baraza. Marehemu baba alileta mche kutoka Muheza mwaka 2014, wa kubebeshwa (kikonyo cha mti mmoja kimeungwa juu ya shina la mwingine), aina ya Msasa, akauchimbia shimo mwenyewe. Tangu uanze kuzaa haujawahi kutuangusha, machungwa yake yanatangulia kuiva kabla ya mengine hayajajaa sokoni.

Mwaka jana mwezi wa sita mume wangu alileta fundi, uwanja wote ukapandwa ukoka aina ya pasipalamu. Ukoka umeshika vizuri, mzito, ukikanyaga kama godoro. Mti ndio umeanza vituko. Tangu Oktoba majani yanageuka njano na kudondoka, ncha za matawi zimekauka, na matunda yaliyopo ni madogo kama ndimu. Cha ajabu, chini ya mti wenyewe, upande wa ukutani, ukoka nao umekuwa kipara.

Jirani anasema mchungwa na ukoka ni paka na panya, lazima kimoja kimuue mwenzie. Mume wangu anasema kama ni hivyo tuukate mti tuweke mwavuli na viti. Mimi mti huo siukati. Nisaidieni: ni kweli haviwezi kuishi pamoja, au kuna kosa nimefanya?

#2 PwaniRaha, 18 Januari

Pole bibie. La kwanza kabisa, ficha shoka. Mengine wataalamu wanakuja.

#3 Mzee wa Mkuzi (Muheza), 18 Januari

Binti yangu, jirani yako kasema kweli nusu. Mimi nina michungwa tangu nikiwa kijana. Huku kwetu nyasi chini ya mchungwa ni adui, iwe umezinunua kwa fundi au zimeota zenyewe. Mizizi ya mchungwa inayokula haiko mbali chini kama watu wanavyodhani. Iko juu juu, mingi ndani ya futi moja au mbili za mwanzo, na haina nywele nyingi za kunyonyea kama mimea mingine. Nyasi nazo zinakula hapohapo. Ukimwaga maji au mbolea, nyasi ndizo zinazonawa mikono kwanza.

Mti mkubwa huvumilia. Mti wa miaka mitatu minne ukiuachia nyasi hadi shinani, unadumaa palepale, utafikiri umepandwa jana. Sisi tunapalilia duara chini ya matawi, hadi pale kivuli kinapoishia saa sita mchana. Fanya hivyo kwanza, halafu urudi hapa.

#4 FundiUkoka (Tegeta), 18 Januari

Mzee shikamoo. Naheshimu uzoefu wako, lakini hapa ukoka unasingiziwa. Nimepanda nyua nyingi zenye miembe, minazi na milimau katikati, na miti hiyo ipo hadi leo.

Tofauti iko kwenye tabia. Ukoka unaota kutokea chini. Sehemu inayozaa jani iko karibu na ardhi, ndiyo maana ukiukata leo wiki ijayo umerudi. Mchungwa unaota kutokea nchani, na uhai wa shina uko kwenye utando mwembamba chini ya gome. Ukoka unataka kukatwa mara kwa mara, usizidishe theluthi ya urefu wake kwa mkato mmoja. Mchungwa ukiukatakata ovyo unaadhibu matunda. Ukoka ukikosa maji unageuka rangi ya majani makavu, unalala, mvua ikinyesha unaamka. Mchungwa ukifikia hatua ya kumwaga majani yote, kuurudisha ni kazi.

Sasa tatizo ni watu kuvipa vyote ratiba moja. Dada, kijana wako anamwagilia mara ngapi? Na anamwagilia vipi?

#5 Mama Mbogamboga (Arusha), 18 Januari

Nisimulie yangu. Nilikuwa na mlimau wa miaka minne. Kijana wa bustani alikuwa anakata majani kwa ile mashine ya begani ya uzi wa nailoni. Kila wiki anazunguka shina ili pawe pasafi, uzi unagonga gome, unachubua kidogo tu. Mimi nilikuwa naona mstari mweupe pale chini, nikadhani ni chokaa. Siku moja nikainama, nikapitisha kidole: gome limeliwa duara zima, pamebaki upana wa vidole viwili tu upande wa nyuma. Juu ya kovu shina limevimba kama goti. Mwezi uliofuata mti ukakauka ukiwa na malimau yake juu.

Dada, kabla ya mbolea na dawa, piga magoti uangalie shina.

#6 Dokta_Majani (Morogoro), 18 Januari

Nafanya kazi ya afya ya mimea. "Majani ya njano" peke yake ni kama kumwambia daktari "naumwa". Tazama ni majani yapi na yamekuwaje.

Kama majani ya zamani, ya ndani na ya chini, yamekuwa njano yote sawasawa, fikiria upungufu wa nitrojeni. Kama jani la zamani limebaki na kijani chenye umbo la V iliyopinduliwa karibu na kikonyo, kwingine njano, hiyo ni magnesiamu. Majani machanga njano lakini mishipa imebaki kijani, ni chuma, mara nyingi udongo una chokaa nyingi au mizizi imekaa kwenye maji. Majani machanga madogo, yamesimama wima, yana mabaka ya njano katikati ya mishipa, ni zinki. Ncha na kingo zimeungua rangi ya kahawia, fikiria chumvi.

Halafu kuna ile ninayoiogopa. Kunja jani kwenye mshipa wa katikati. Kama mabaka ya upande huu hayafanani kabisa na ya upande wa pili, na matunda yamepinda na kuwa machungu, hapo tutazungumza lugha nyingine.

#7 KijanaWaKitunda, 19 Januari

Mbona mnazunguka. Ukoka umemaliza nitrojeni, mti una njaa. Mwagia yurea kilo mbili chini ya mti, wiki mbili unaona kijani.

#8 Mzee wa Mkuzi, 19 Januari

Mwanangu wa Kitunda, kilo mbili za yurea kwenye mti mgonjwa mmoja, kiangazi hiki? Yurea ina nitrojeni asilimia 46. Utaunguza mizizi iliyobaki, na ukoka utakushukuru sana.

#9 FundiUkoka, 19 Januari

Mzee kanena. Ukoka ndio unaotaka nitrojeni kidogo kidogo kila baada ya wiki kadhaa, kwa sababu kila ukikata majani na kuyatupa umetoa chakula uwanjani. Mchungwa unataka mbolea kwa majira, mvua zikiwepo, na unataka zinki, magnesiamu na chuma. Watu wananunua mfuko mmoja wa mbolea ya ukoka wanarusha uwanja mzima, wanadhani na mti umekula.

#10 MchungwaWaBaba, 19 Januari

Asanteni jamani, nimesoma yote. Najibu.

Maji: kila jioni, kwa mpira wenye kirushio kinachozunguka. Kinarusha uwanja mzima na nusu ya chini ya mti inalowa majani. Ni maji ya kisima tulichochimba 2019. Kabla ya ukoka, mchungwa ulikuwa unapata ndoo mbili kwa wiki kiangazi, basi.

Majani: nimeyachuma kumi, nimeyapanga mezani. Sita ni ya zamani, njano yote, na ncha zimeungua kahawia kama zimepitishwa kwenye moto. Manne ni machanga, mishipa kijani, katikati njano. Nimeyakunja kama alivyosema Dokta. Machanga yanafanana pande zote mbili, ya zamani mawili sina uhakika.

Shina: hakuna michubuko. Lakini chini kabisa, pale linapoingia kwenye ukoka, kuna gundi ya rangi ya asali imetoka na kukauka.

Na kitu kingine, sijui kama kina maana: kabla ya kupanda ukoka fundi alileta tipa mbili za udongo mweusi kusawazisha uwanja.

#11 Ndimu_Kavu (Sohar, Oman), 19 Januari

Dada yangu, maji ya kisima Kigamboni, karibu na bahari, kila jioni, tena juu ya majani? Jibu liko hapo. Sisi huku Batina, pwani ya Oman, tumezaliwa na tatizo hilo. Mashamba yaliyo karibu na pwani visima vimeingiwa na chumvi, na malimau na ndimu ndiyo yaliyotangulia kulia. Mtende unavumilia, pasipalamu inavumilia kupita kiasi, jamii ya machungwa haivumilii.

Namba ninazozijua mimi: mchungwa unaanza kupungua chumvi ikifika 1.7 kwa kipimo cha desisimensi kwa mita. Ukoka wa kawaida, ule wa Bermuda, unafika 6.9 ndipo unahisi. Pasipalamu ya pwani imezidi hapo. Yaani maji yaleyale yanayomnenepesha mmoja yanamkausha mwenzie. Ncha zilizoungua ni chumvi hiyo.

#12 Dokta_Majani, 19 Januari

Ndimu_Kavu namba zako ni sahihi ila zimewekwa pasipo pake, na watu watakwenda kupima visima vyao kwa kutumia hizo. 1.7 na 6.9 ni chumvi ya udongo, inapimwa kwenye maji yaliyokamuliwa kutoka udongo uliolowanishwa. Ukipima maji ya kisima yenyewe, mpaka wa mchungwa ni kama 1.1 na wa ukoka wa Bermuda ni kama 4.6. Hoja yako inabaki, tena inakuwa nzito zaidi.

Ila chumvi haitoi gundi shinani. Gundi ni jambo lingine.

#13 Ndimu_Kavu, 19 Januari

Nimesahihishwa, shukran Dokta. Dada, tafuta mtu mwenye kipimo.

#14 Mjenzi Huru, 20 Januari

Mimi ni fundi ujenzi, naomba nichangie. "Mbele ya baraza" maana yake karibu na msingi. Wengi wetu tukimaliza nyumba tunafukia mabaki ya zege, lipu na chokaa palepale uani, udongo unawekwa juu. Mizizi ikifika kwenye kifusi inakuta chokaa tupu. Dokta kasema chuma kinakosekana udongo ukiwa na chokaa. Majani machanga njano yenye mishipa kijani, ndiyo hayo. Mti umekua miaka kumi, mizizi imefika msingini.

#15 Nyasi za Limuru (Kenya), 20 Januari

Habari zenu. Huku kwetu nyasi ni zile zinazoitwa Kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na sasa ziko Australia, Marekani na kwingineko, na kote huko watu wanazilalamikia kwa jinsi zinavyotambaa. Ukiziacha miezi miwili zimepanda hadi kwenye ua. Kwa hiyo juu ya kushindania chakula namuunga mkono mzee.

Lakini hamjasema juu ya ugonjwa wa kijani. Nyumbani tulikuwa na michungwa sita, yote ilianza hivi: njano upande mmoja wa mti, matunda madogo, ncha zinakufa. Matunda yakiiva yanabaki kijani upande wa chini. Unaletwa na kadudu kanakokaa kwenye machipukizi, jani linabaki na vishimo vishimo kama limetobolewa kwa kalamu bila kupasuka. Tuling'oa yote. Dada chunguza vishimo.

#16 Dokta_Majani, 20 Januari

Ndugu wa Limuru umeeleza vizuri sana, na hiyo ndiyo "lugha nyingine" niliyosema. Ila tofautisha. Ugonjwa wa kijani wa Kiafrika na kadudu kake kanakotoboa vishimo vinapenda baridi ya milimani. Joto la Dar linaudhoofisha. Kwa hiyo zamani ningesema Kigamboni ondoa shaka.

Siku hizi sisemi hivyo. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa kwamba kadudu ka Kiasia kamepatikana Tanzania, hapa hapa Morogoro, na hako kanapenda joto na hakaachi vishimo. Aina ya Kiasia ya ugonjwa ndiyo iliyoangusha Florida. Ulionekana huko 2005. Msimu wa 2003 na 2004 walivuna masanduku ya machungwa milioni 242. Msimu wa 2023 na 2024 hawakufika milioni 18. Ndiyo maana naomba watu wasibebe miche kutoka mkoa hadi mkoa kwenye buti la gari.

Sisemi mti wa dada unao. Nasema yale majani mawili asiyokuwa na uhakika nayo ayapeleke kituo cha utafiti wa kilimo kilicho karibu.

#17 Mzee wa Mkuzi, 20 Januari

Mmetoka Morogoro mkafika Marekani, na hakuna aliyesimama kwenye tipa mbili za udongo! Binti, nisikilize. Mche wa kubebeshwa una kovu pale kikonyo kilipounganishwa na mti wa chini, lipo kiasi cha shibiri moja juu ya ardhi. Baba yako kama alinunua kwetu aliambiwa asilifukie. Nenda kaangalie: kovu hilo unaliona?

#18 MchungwaWaBaba, 20 Januari

Silioni, mzee. Nakumbuka lilikuwepo, mwanangu alikuwa analikalia kama kiti.

#19 Mzee wa Mkuzi, 20 Januari

Basi limezikwa. Fukua kwa mkono, usitumie jembe.

#20 MchungwaWaBaba, 21 Januari

Nimefukua leo asubuhi, mimi na mwanangu, kwa kijiko cha jikoni na kopo. Kwanza tumekata ukoka kwa kisu kama mkate, mizizi yake imefumana hadi unaweza kuunyanyua kama mkeka. Chini yake ule udongo mweusi, umelowa, unang'ang'ania vidoleni. Kiganja kizima na nusu ndipo kovu likatokea.

Gome pale ni jeusi na laini. Nikibonyeza kwa ukucha linaachia, ndani lina rangi ya chai na harufu ya kitu kilichosahaulika kwenye ndoo. Upande mmoja tu, kama robo ya mzunguko. Upande mwingine nikikwangua kidogo kuna kijani.

Katika udongo wa chini, ule wa baba, nimekuta vipande vitatu vya lipu. Kwa hiyo Mjenzi Huru naye hakukosea.

#21 Dokta_Majani, 21 Januari

Robo ya mzunguko mti unaweza kupona. Hiyo ni kuoza kwa shina, kimelea chake kinaitwa Phytophthora, kinaogelea kwenye maji ya udongo, na gome lililofukiwa kwenye unyevu ndilo kinalolitafuta. Gundi ya rangi ya asali ni dalili yake. Kwangua gome bovu hadi ufike kwenye uzima, acha pakauke siku mbili tatu, halafu paka mchanganyiko wa mrututu (ile dawa ya shaba ya rangi ya buluu) na chokaa. Udongo usirudishe. Shina libaki wazi hadi chini ya kovu, na maji yasiguse shina tena.

#22 FundiUkoka, 21 Januari

Dada, nasema haya nikiwa fundi: kusawazisha uwanja kwa kufukia shina la mti ni kosa la mwenzangu, si la ukoka. Mti unaachiwa usawa wake, ukoka unaishia kwenye ukingo. Ningekuwa mimi ningeweka mduara wa mawe au matofali, kipenyo kama cha matawi, ndani yake matandazo ya majani makavu yasiyogusa shina.

Na maji tenganisha. Ukoka ukishashika hauhitaji kila jioni, watu wanaukosea. Maji mengi mara mbili au tatu kwa wiki, asubuhi, mizizi inakwenda chini. Maji ya juujuu kila siku yanaufanya uwe mvivu, na jioni yanaleta ukungu. Mchungwa mkubwa, mara moja kwa wiki, taratibu, yazame kina cha mkono, kisha pakauke juu.

#23 Mama Mbogamboga, 21 Januari

Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi tangu mwanzo.

#24 Ndimu_Kavu, 21 Januari

Si tangu mwanzo. Mwanzo alisema ni nyasi kula chakula. Baadaye akasema udongo. Na mimi bado nasema chumvi, kwa sababu ncha zilizoungua hazijaelezwa na kovu lililozikwa.

#25 Mzee wa Mkuzi, 21 Januari

Kijana wa Oman, mti ambao gome limeoza robo haunyonyi vizuri, lazima ncha zikauke. Lakini sikatai chumvi. Sikuwahi kumwagilia mchungwa maishani mwangu, huku mvua ndiyo inayomwagilia.

Swali langu kwa Dokta: zamani tulibebesha juu ya mdanzi, ule wa machungwa makali. Mdanzi ulikuwa haujui kuoza shina. Siku hizi miche yote iko juu ya limau kali, na kuoza kumezidi. Kwa nini tuliuacha mdanzi?

#26 Dokta_Majani, 21 Januari

Swali zuri mzee. Mdanzi kweli unastahimili kuoza shina kuliko limau kali. Lakini kuna kirusi cha tristeza kinachoenezwa na vidukari. Mchungwa uliobebeshwa juu ya mdanzi ukikipata unakufa haraka, na kimeua mamilioni ya miti duniani. Limau kali linastahimili tristeza, linastahimili ukame, mti unakua upesi, ila linaoza kwenye maji. Kila shina la chini lina lake.

#27 Mzee wa Mkuzi, 21 Januari

Basi ndiyo maana ile ya marehemu kaka ilikufa yote ndani ya mwaka mmoja. Tulisema ni jicho la mtu. Asante.

#28 KijanaWaKitunda, 22 Januari

Hakuna aliyeeleza kipara. Kwa nini ukoka umekufa chini ya mti? Bibi yangu anasema majani ya mchungwa yana mafuta makali, yakioza yanaua nyasi. Hata ukikamua ganda la chungwa machoni unajua ukali wake.

#29 Nyasi za Limuru, 22 Januari

Ni kivuli. Nyasi za uwanjani nyingi zinataka jua kamili, na mchungwa hauachi majani mwaka mzima, kwa hiyo chini yake hakuna siku ya jua. Upande wa ukutani ndio giza zaidi. Nyasi aina ya Pemba, zile za jani pana, ndizo zinazovumilia kivuli.

#30 FundiUkoka, 22 Januari

Naunga mkono kivuli. Ila bibi yako usimpuuze. Nimeona chini ya milimau ya zamani hata ndago haioti, na ndago inaota mahali popote.

#31 PwaniRaha, 22 Januari

Mimi nauliza la maana: hayo machungwa ya Msasa ya mzee Mkuzi yanashinda ya Ndijani? Maana chungwa la Ndijani, Unguja, ukilimenya jirani anajua.

#32 Mzee wa Mkuzi, 22 Januari

Njoo Muheza na kisu chako.

#33 Mama Mbogamboga, 22 Januari

Nami nina la pembeni. Kwenye mche wangu mpya wa ndimu nimekuta kitu kama kinyesi cha ndege juu ya jani, nikataka kukifuta, kikatoa pembe mbili nyekundu zenye harufu! Na majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, wamejenga viota kwenye mchungwa wa jirani, anataka kuwapulizia dawa.

#34 Dokta_Majani, 22 Januari

Huyo ni mtoto wa kipepeo, anakula majani ya jamii ya machungwa. Ukimwona kwenye mche mdogo mtoe kwa mkono. Kwenye mti mkubwa hadhuru. Na mwambie jirani awaache majimoto. Wanauma, ndiyo, lakini wanawinda wadudu wanaoharibu matunda. Akichuma avae mikono mirefu.

#35 MchungwaWaBaba, 9 Mei

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya.

Niliyoyafanya: nilikwangua, nikapaka mrututu. Nimetoa ukoka wote chini ya matawi na udongo mweusi hadi usawa wa baba, nimezungushia matofali. Kirushio kimehamishwa. Kisima nilipimiwa mwezi wa pili: 1.9. Kuanzia hapo mti nikawa naupa maji ya bomba ndoo nne kila Jumamosi, ukoka unaendelea na kisima. Vipande vya lipu nimevitoa nilivyovifikia. Majani nilipeleka, sijapewa majibu. Kisha masika yakaingia.

Wiki iliyopita mwanangu ameniita. Kuna machipukizi mapya, nimehesabu matawi kumi na moja, majani laini ya kijani kibichi, na kwenye mawili kuna vitumba vya maua. Ncha zilizokauka hazijarudi. Ukoka nje ya matofali uko vilevile, hautaki habari na mtu. Mume wangu amenunua viti, amevipanga chini ya mti.

#36 Mzee wa Mkuzi, 9 Mei

Alhamdulillahi. Kovu limepata hewa.

#37 Ndimu_Kavu, 9 Mei

Hongera dada! Ila 1.9 ni karibu mara mbili ya mpaka aliousema Dokta, na masika yamekuja kuosha chumvi udongoni. Mti umeogeshwa ndiyo maana umechipua.

#38 Mjenzi Huru, 9 Mei

Na lipu iliyotolewa je? Majani mapya yana mishipa kijani au yamekuwa kijani yote?

#39 MchungwaWaBaba, 9 Mei

Kijani yote, fundi.

#40 Nyasi za Limuru, 10 Mei

Nafurahi nawe dada. Lakini michungwa yetu nayo ilichipua mvua zilipokuja, ikatoa na maua, kisha ikarudi kulekule. Subiri majibu ya yale majani mawili kabla hujatoa vikonyo kumpa mtu.

#41 Dokta_Majani, 10 Mei

Namuunga mkono wa Limuru. Na usiyaache matunda ya msimu huu, yatoe yakiwa madogo, mti ujenge mizizi kwanza.

#42 MchungwaWaBaba, 10 Mei

Nitayatoa yote isipokuwa moja. La kaburini kwa baba.

#43 FundiUkoka, 10 Mei

Dada, ile sehemu ya ndani ya matofali usiruhusu ukoka urudi. Pasipalamu inatambaa chini ya tofali, mwezi wa saba utauona ndani. Kila wiki pitisha kisu ukingoni.

#44 KijanaWaKitunda, 11 Mei

Na mbolea sasa anaruhusiwa?

#45 Mzee wa Mkuzi, 11 Mei

Samadi iliyooza, debe moja, mbali na shina. Yurea yako itunze, mwanangu.